Gauni Lililongoja Mwili

Harufu ya uwatu haina adabu, haipigi hodi. Juzi nilikuwa sokoni Mwanakwerekwe kununua hiliki na mdalasini. Yule mama wa viungo akafunua debe lake mara moja tu, nami nikasimama pale pale kama mtu aliyeitwa jina. Uwatu ni mchungu hata kabla hujauonja. Ukishaunywa unakaa mwilini, ukitoa jasho unanuka wewe, inanuka na shuka unayolalia. Mama yule alinitazama kuanzia ushungi mpaka viatu, akachota kibaba kizima, akaniambia kwa huruma ya kweli, "Chukua mwanangu, utie kwenye maziwa ya moto kila asubuhi. Utajaa." Nina watoto watatu, nina kazi yangu, nina na mvi ninazozificha kwa hina, na bado watu wasionijua wananitakia nijae. Nilicheka mpaka naye akacheka, bila kujua tunachekea nini.

Sikuununua. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani mawazo yangu yalikuwa Kikwajuni, nyumbani kwa bibi yangu tulikoishi, katika chumba cha uani alimowekwa shangazi yangu Raya kabla ya harusi yake. Ninyi wa rika langu mnakumbuka mambo yalivyokuwa. Bi harusi alikuwa hatoki. Anasingwa kwa liwa na manjano, anafukizwa udi, anakula na kulala, anakula na kulala, ili siku ya kutolewa watu wamuone kang'ara na kanona. Siku hizi bi harusi yuko kazini mpaka Alhamisi, Ijumaa anaolewa. Silaumu, mimi mwenyewe niliolewa hivyo.

Kwetu, upande wa baba, watu ni wembamba. Sisemi wembamba wa aliyeumwa akapungua, nasema wembamba wa kuzaliwa nao, kama pua. Baba akivaa kanzu, ilionekana kanzu inakwenda yenyewe. Vijana wa mtaani walimwita Mwiko, na mimi nilipoanza kutembea wakaniita Kijiko. Baba hakukasirika. Jibu lake lilikuwa moja, "Wembamba wa reli, treni inapita," na mimi niliyekulia Unguja, sijawahi kuona reli wala treni, nilimwamini tu kwa kuwa ni baba.

Bibi yangu, aliyemzaa baba na shangazi Raya, hakuwa wa reli. Bibi alikuwa amejaa, mikono yake ikilala juu ya mapaja kama mikate iliyoumuka vizuri, na kwake unene ulikuwa ushahidi. Ukinenepa, watu wanajua nyumba yenu ina chakula na ina amani. Ukikonda, watu wanamtazama mama yako. Mtu akimwambia, "Bi Mkubwa, mbona watoto wako hawana miili?" alijibu vizuri, akatabasamu, akamsindikiza mgeni mpaka mlangoni, kisha akarudi jikoni akagonga masufuria.

Basi shangazi Raya akachumbiwa na kijana wa mtaa wa Malindi, fundi wa umeme, mwenye sauti ndogo na kicheko kikubwa. Mama yake, Bi Zuwena, alileta kitambaa cha gauni la harusi, hariri ya rangi ya maziwa, mzigo mzima. Hapo ndipo alipoingia Bi Mize. Bi Mize alikuwa somo, mwanamke anayemlea bi harusi wakati amewekwa ndani na kumfundisha mambo ya nyumba. Alisifika mjini kwamba hajapata kumtoa bi harusi na mwili aliomkuta nao. Fundi cherehani alipokuja kumpima shangazi, Bi Mize alikaa pembeni akitafuna tambuu. Fundi akisoma kipimo, yeye anasema, "Ongeza." Fundi akishuka kiunoni, "Ongeza." Mwisho fundi akaishusha ile tepu.

"Bi Mize, huyu dada mbona atapotea humu ndani?"

"Huo mwili wa leo, baba. Sisi tunashona wa siku ya harusi."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Wote pale walikubali kwamba ndivyo inavyofanywa, kwamba gauni linatangulia na mwili unafuata. Shangazi naye alikubali, tena alikuwa na hamu. Aliniambia siku moja atalijaza lile gauni mpaka vifungo vilie. Nilikuwa mtoto wa skuli ya msingi, sikuona ajabu yoyote. Ningeonaje, na mimi viatu vyangu vya Idi vilinunuliwa vikubwa kila mwaka ili nivifikie?

Mimi nikapewa kazi. Ilikuwa desturi kwamba bi harusi hali peke yake, anatafutiwa mtoto wa kike wa kula naye sinia moja, ati mtu hula akiona mwenzake anakula. Bi Mize alinishika mkono, akauzungushia vidole vyake, akaona vinakutana na kupitana. "Huyu huyu," akasema. "Tutawatengeneza wote wawili." Nilijiona malkia. Likizo nzima nikahamia chumba cha uani.

Jamani, tulilishwa. Alfajiri maziwa ya uwatu, ambayo tuliyanywa tumeziba pua. Asubuhi mayai na mkate wa kumimina. Mchana wali wa nazi na mchuzi wa papa, jioni bokoboko limekorogwa mpaka ngano na nyama havijuani, juu yake samli imesimama kama dimbwi baada ya mvua. Katikati kuna haluwa, kuna tende. Bi Mize alikaa mlangoni kama askari. Ukisema "Nshashiba," anasema, "Bado." Ukisema tena, anasema, "Tumbo linasema uongo, lisukume."

Tulilisukuma. Lakini tukishakula mchana tukavimbiwa, usiku hakuna aliyeweza kutazama sahani. Na shangazi Raya alikuwa hawezi kutulia. Amekaa, lakini mguu unacheza. Anakunja khanga zilizokwishakunjwa, anahamisha kitanda akitafuta upepo, ananisuka nywele, anazifumua, ananisuka tena, tunacheza mdako sakafuni mpaka Bi Mize anatukemea tulale. Tukilala, yeye anaimba na kupiga vidole ukutani. Nilimpenda kwa hilo, maana na mimi nilikuwa vivyo hivyo, na nyumba nzima hakuna mwengine wa kunivumilia.

Kila Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, gauni lililetwa kujaribiwa. Likipita kichwani mwa shangazi, linashuka lote bila kugusa popote. Bi Mize anakwenda nyuma yake, anakikusanya kitambaa kilichozidi na kukibana, na sisi tunangoja atuambie kimepungua kiasi gani. Ijumaa ya kwanza kilijaa kiganja. Ijumaa ya pili kilijaa kiganja. Ijumaa iliyofuata Bi Mize alibana, akaachia, akabana tena, kisha akamtazama Bibi juu ya bega la shangazi, na Bibi akatazama dirishani.

Mimi nilikuwa nshajua chakula chetu kinakokwenda. Kilikuwa kinakwenda kwa mama yangu.

Nawaomba msinicheke, maana hesabu yangu ilikuwa safi. Tunaokula ni sisi, shangazi na mimi, na hatuongezeki. Katika nyumba hiyo hiyo mama anakula kidogo tu, mara nyingine anakimbia uani kutapika, na juu ya hayo ananenepa, tena ananenepa mbele, chini ya khanga tumbo limeanza kutangulia. Nguo zake zimembana. Nilipomchunguza zaidi nikamkuta amejibanza nyuma ya pipa la maji anakula embe mbichi na pilipili, na siku nyengine anakula udongo. Udongo! Mtu ambaye amekwishapata samli yote ya nyumba, sasa anamalizia ardhi. Wakati ule watoto hatukuambiwa habari za mimba. Tulielezwa kwamba watoto wachanga hununuliwa hospitali, na sisi tukaridhika. Kwa hiyo nilivyoona mimi, unene wa nyumba ulikuwa mmoja, kama maji ya tangi, na mama alikuwa amefungua bomba upande wake. Bibi alikuwa na msemo wake, kikulacho ki nguoni mwako, nami nikasema moyoni, kumbe ndiyo haya.

Sikumwambia mtu. Nilimpenda mama yangu, na sikutaka aaibike.

Kisha likaja neno. Jirani mmoja aliyetoka mazikoni Malindi alipita kwa Bibi, akakaa kitako, akazunguka na habari za maiti na za bei ya nazi, mwisho akalitema. Ndugu mmoja wa upande wa bwana harusi amesikika akisema, huyo bi harusi wenu analishwa wiki ngapi na hajai, asije akawa na maradhi yale. Hakuyataja jina. Miaka ile hayakutajwa. Mtu akikonda, watu walipunguza sauti, na ile sauti iliyopunguzwa ilikuwa ndiyo jina lenyewe.

"Nani kasema?" Bibi akauliza.

"Mimi nimesikia tu, Bi Mkubwa. Nnakuleteeni, msije mkaambiwa na watu."

Tulikuwa nyuma ya pazia, shangazi na mimi, na sinia la bokoboko baina yetu. Shangazi aliushusha mkono wake pole pole. Hakulia. Alipotoka yule jirani, aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kijiko, hivi mimi unaniona mgonjwa?"

Nikasema, "Hapana."

"Na mgonjwa si anakula, lakini hakimkai mwilini?"

"Na mimi hakinikai."

Alinitazama, na ule mguu wake uliokuwa hautulii ukatulia. Hapo ndipo nilipoogopa. Sasa nikiwa mtu mzima najua alichokifikiria siku zile. Alikuwa na rafiki yake wa skuli aliyekonda mwaka mmoja kabla, akazikwa, na walikuwa wakisaidiana kila kitu, wakivaliana nguo, wakila kwa kijiko kimoja. Hakuna aliyemfafanulia shangazi nini kinaambukiza na nini hakiambukizi. Alibaki na hofu yake peke yake, na kila Ijumaa gauni lilimthibitishia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, watu wanasema, na yeye alikuwa analingoja lije.

Haukupita muda Bi Zuwena akatuma salamu kwamba anakuja kumuamkia mkwewe. Nyumba iligeuka kichwa chini. Bi Mize akamvisha shangazi khanga tatu, akazizungusha kiunoni na kifuani, akazibana kwa pini, kisha juu yake akamvisha dira pana. Shangazi akawa mnene kuanzia shingoni kwenda chini, na shingo yenyewe ikabaki ile ile. Lilikuwa joto la kabla ya masika, hakuna upepo. Jasho lilimtiririka likachanganyika na uwatu, na chumba kikanuka kama dukani kwa Muhindi.

Bi Zuwena alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye uso mpana na macho yasiyo na haraka. Tulimuamkia shikamoo, akajibu marahaba, akapewa kahawa na haluwa. Alimtazama shangazi. Alitazama dira, akatazama shingo, na halafu akauchukua mkono wa shangazi kama anayetaka kuiona hina. Mkono hauvishwi khanga. Alikaa ameushika.

"Bi Mkubwa," akasema Bi Zuwena, "mtoto anakula?"

"Anakula! Wallahi anakula, muulize Bi Mize."

"Anakula mpaka mie nachoka kumtazama," akasema Bi Mize.

"Basi kinakwenda wapi?"

Sikuweza tena. Nilimuona shangazi yangu anatota jasho ndani ya zile khanga, nikaona harusi inavunjika mbele ya macho yangu na mimi ninayejua siri nimenyamaza. Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya skuli, ile ya kumjibu mwalimu, "Kinakwenda kwa mama! Sisi tunakula, mama ndiye ananenepa. Na bado hajashiba, anakula na udongo nyuma ya pipa."

Mama alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Nakumbuka birika lilivyoshuka mpaka sakafuni, na mama akajifunika uso kwa ushungi wake. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, na Bibi naye akaanza, tumbo lake likitangulia kucheka kabla ya mdomo, na Bi Mize akapaliwa na tambuu. Bi Zuwena alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Njoo hapa mwanangu," akaniita.

"Abee."

"Mama yako hajala chakula cha mtu. Mama yako ana mtoto tumboni. Atakuleteeni ndugu inshaallah."

Nilimuuliza, "Hawanunuliwi hospitali?" na ikawa kicheko upya. Lakini mimi kifua kilinifunguka. Mama yangu hakuwa mwizi wa unene. Nilikwenda nikamkumbatia mapajani, na yeye akaninong'oneza kwamba hiyo siri alitaka amwambie Bibi kwanza taratibu, lakini haidhuru, nshafanya kazi yake.

Kicheko kilipotulia, Bi Zuwena alikuwa bado hajauachia mkono wa shangazi. Akasema, na sasa hakutabasamu, "Mie nshasikia yanayosemwa, na nnajua na nyinyi mmeyasikia. Sikuja kutafuta mnene. Nnataka mzima. Mpelekeni akapimwe, na mwanangu ntampeleka vilevile, siku hiyo hiyo. Wakitoka wazima, atakayesema tena nitamjibu mimi." Kisha akamgeukia shangazi. "Na hizi khanga vua, mama. Utazimia."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bibi aliurudia msemo huo siku nzima.

Shida ikawa bi harusi hatoki. Bibi, aliyekuwa mlinzi wa kila desturi, akaamua atoke ndani ya buibui la Bi Mize. Lile buibui lilikuwa hema. Shangazi akaingia humo na ushungi umeshushwa, nikamshika mkono, mama akafuata nyuma, yeye mwenyewe alikuwa na haja yake ya kliniki na sasa haikuwa siri tena. Mtaani watu walituamkia, "Bi Mize, hujambo?" na shangazi akikohoa tu kujibu, maana sauti ingemuumbua. Bi Mize alibaki amejifungia chumbani, kawekwa ndani yeye badala ya bi harusi. Ni siku pekee niliyomuonea huruma.

Kliniki ilikuwa Mji Mkongwe, ghorofani, ngazi zake za mbao zimelika katikati. Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani na sauti ya chini. Alimchukua shangazi damu, akasikiliza kifua, akamshika shingo na kumwambia ameze mate, akauliza habari za choo, za homa, za kikohozi, za siku zake za mwezi. Akampandisha kwenye mizani, akauliza, "Ulipomaliza skuli ulikuwa na uzito gani?" Shangazi akataja, na daktari akaandika. Majibu tukaambiwa tuyafuate baadaye.

Siku za kungojea zilikuwa ndefu. Bi Mize hakusimama tena mlangoni, Ijumaa ikapita gauni likiwa sandukuni. Shangazi alinivua mimi kikuku changu cha plastiki akanivisha bangili zake za fedha, akasema nimtunzie. Nilizipenda, nikazichezesha ziite, mpaka nilipomuona ananitazama nazo. Nikazivua nikazirudisha juu ya kabati. Sikujua kwa nini, ila sikuzitaka tena.

Tulirudi kliniki jioni, buibui lile lile. Daktari alifunga mlango, akakaa karibu na shangazi, si nyuma ya meza. "Mzima," akasema. "Damu nzuri, kifua kizuri, sukari, tezi, vyote. Na lile uliloliogopa, huna."

Shangazi alisema, "Unasema kweli?" Akauliza tena. Daktari akamrudishia jibu lile lile kwa maneno yale yale, pole pole, kama anayemvusha mtoto barabara.

"Basi kwa nini sinenepi?"

"Baba yako yuko vipi?"

"Marehemu baba alikuwa mwembamba. Na kaka yangu mwembamba." Akaninyooshea kidole. "Na huyu."

Daktari alinitazama. Wakati huo nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja ninahesabu vioo vya dirisha. Akacheka. "Kuna watu wamezaliwa hivi," akasema. "Njaa yao ndogo, wanashiba upesi. Ukimjaza mchana, usiku mwili wake unakataa, na mwisho wa siku amekula kile kile ambacho angekula bila kulazimishwa. Na kinachozidi anakichoma bila kujua. Tangu umekaa hapa, mguu wako haujasimama. Ungekuwa na uzito jana, leo umekushuka, ningeogopa. Wewe uko hivi tangu skuli. Huo ndio mwili wako." Akamshauri ale kidogo kidogo mara nyingi, karanga, maziwa, parachichi, na akamkataza kabisa vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mitaani. "Ukiongeza kidogo, vizuri. Usipoongeza, uko salama."

Tuliteremka zile ngazi mama akiwa mbele, na katikati shangazi akakaa. Akalia humo ndani ya buibui la Bi Mize, mabega yote yanatikisika, nami nikamkumbatia nisijue niko kwenye mkono au kwenye kitambaa. Nilidhani daktari kasema vibaya. Mama akaniambia, "Muache. Huko ndiko kufurahi." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mtu anayelia kwa sababu mzigo umemtoka, na hata leo ndilo jambo ninalolikumbuka nikisikia neno afueni.

Jua lilikuwa linashuka tulipotokea Forodhani, wauzaji wanawasha taa zao. Shangazi akataka urojo. Si mnajua urojo wa Forodhani, una kachori, bajia, viazi, ukwaju na embe, na pilipili ya kukutoa moshi masikioni. Aliupenyeza chini ya ushungi bakuli zima, mpaka mchuzi wa mwisho, bila mtu wa kumwambia sukuma. Muuzaji akamsifu, "Bi Mize, leo una njaa!" Akakohoa tu, na mama akageuka upande wa bahari akicheka.

Nyumbani Bibi alikuwa jikoni amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, lakini hakuwa na nazi mkononi. Shangazi akavua buibui, akapiga magoti mbele yake. "Mama, mie mzima. Nimerithi kwa baba tu."

Bibi akasema, kama anayezungumza na mtu mwengine, "Marehemu nilimlisha miaka yote ya ndoa yetu. Nilikuwa naona haya kutembea naye. Nilidhani watu wanasema simpikii." Akamshika shangazi uso kwa mikono miwili. "Kumbe nilikuwa nampikia." Na hapo akacheka na kulia pamoja, na Bi Mize aliyekuwa ametoka kifungoni akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani madirishani.

Kijana wa Malindi naye akatoka mzima, na Bi Zuwena akafanya alichoahidi. Sikuwepo, lakini nasikia yule ndugu aliyesema hakusema tena. Gauni lilirudishwa kwa fundi, akalifumua akalikata upya kwa kipimo chake cha mwanzo, na Bi Mize safari hii alikaa pembeni ametia tambuu mdomoni, hakusema ongeza. Hariri iliyobaki ilitosha kunishonea gauni mimi, na bado ikabaki ya kumfunika ndugu yangu alipozaliwa, mtoto mrefu, mwembamba, kelele nyumba nzima. Harusi ilikuwa nzuri. Shangazi aling'ara, na alikuwa mwembamba, na vyote viwili vilionekana.

Lakini harusi siikumbuki kama ninavyoukumbuka mlo wa mchana wa siku ya pili baada ya kupata majibu. Tulikaa mkekani, Bibi, mama, Bi Mize, shangazi na mimi, wali wa nazi katikati. Shangazi alikula kwa raha, matonge machache, na kipande cha papa akakimaliza. Akaondoa mkono sinia, akasema, "Nshashiba, mama." Bi Mize alikuwa ameinua upawa, akauweka chini. Mimi niliacha kutafuna nikamtazama Bibi.

Bibi akavuta birika la maji, akampelekea shangazi beseni.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nawa, mwanangu."